Usitume Hela Bado: Kadi Zilizochakachuliwa Zimo Ndani ya Kompyuta za Gemu za Bei Poa

Kama umedunduliza hela ya kompyuta ya gemu, na kuna mtu anakuharakisha umtumie leo hii kwa simu eti mzigo unaisha, mwache asubiri. Mzazi uliyeombwa hela hiyo na kijana aliye likizo, soma na wewe, maana hasara ya namna hii huanza kwa mtoto na kumalizikia kwako.

Kuna kadi za grafiki zinazodanganya jina lake. Sisemi kadi kuukuu. Kuukuu haina ubaya, wengi wetu tumecheza miaka kwa mtumba. Nasema kadi iliyochakachuliwa hadi kompyuta yenyewe inaamini uongo wake na kuuonyesha kwenye skrini.

Jina linalotumiwa sana ni GeForce GTX 1050 Ti. Kadi halisi ya jina hilo ilitoka Oktoba 2016. Ina viini 768, kumbukumbu ya GB 4, inakula wati 75 tu, na nyingi kati yake hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Ndiyo maana kila mwenye bajeti finyu anaitafuta, na wachakachuaji wanalijua hilo. Wanachukua kadi za mwaka 2010 na 2011, yaani GTS 450 na GTX 550 Ti, zenye viini 192 na mara nyingi kumbukumbu ya GB 1. Wanazifunga feni mpya na plastiki inayong'aa, kisha wanaandika upya BIOS yake, ile programu ndogo iliyomo ndani ya kadi ambayo huitambulisha kwa kompyuta. Baada ya hapo Windows itasoma "GTX 1050 Ti, GB 4" bila wasiwasi wowote. Ni pikipiki iliyofungwa kibao cha namba cha Land Cruiser.

Ndiyo maana kuonyeshwa jina kwenye skrini dukani si ushahidi. Winga atawasha mashine, atafungua sehemu ya mipangilio, atakuelekeza kwa kidole: "Si unaona mwenyewe, kaka?" Utaona kweli. Video za YouTube zitacheza vizuri, madirisha yatafunguka haraka. Balaa linaanza nyumbani, gemu linapotaka kumbukumbu kubwa kuliko ile GB 1 iliyopo kweli: skrini inajaa vipande vya rangi, au inakuwa nyeusi, au mashine inajizima na kuwaka upya. Unampelekea fundi. Anasema ni joto, anapaka dawa mpya ya kupoozea. Haiponi. Anasema ni Windows, anaiweka upya. Haiponi. Umelipa kadi mara moja na ufundi mara mbili, na bado hujui kwamba Nvidia ilikwisha acha kuzitengenezea draiva za gemu kadi za ukoo huo tangu 2018, na kwamba hazina kabisa uwezo wa Vulkan ambao baadhi ya magemu hayafunguki bila huo.

Kwa nini nipige kelele sasa, wakati ulaghai wenyewe una miaka? Kwa sababu mambo mawili yamekutana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai, isipokuwa kwa prosesa chache, kizazi cha nane na kuendelea. Kompyuta za ofisi za kizazi cha sita na cha saba, Dell OptiPlex na HP za rangi nyeusi tunazoziita "za UK", zimekosa kazi huko zilikotoka, na bado ni mashine nzuri za kuanzia. Ukichomeka kadi ya feni mbili na taa za rangi, tayari una "PC ya gemu" ya kuuza. Jambo la pili ni RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda dunia nzima kwa sababu viwanda vya chipu za kumbukumbu vinawapa kipaumbele wenye vituo vya data vya akili unde. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa ambayo wajenzi wengi wa kompyuta za bei nafuu waliitegemea. RAM ikila bajeti, mtu hupunguza kwenye kadi na kwenye pawa saplai. Hapo ndipo anapokamatwa.

Na si kila anayekupiga amevunja sheria. Mwaka 2018 Nvidia yenyewe iliruhusu GT 1030 nyingine sokoni kwa jina lilelile, ila yenye kumbukumbu ya DDR4 badala ya GDDR5. Kasi ya kumbukumbu ikashuka kutoka GB 48 kwa sekunde hadi chini ya 17. Boksi linafanana, jina ni moja. Mwaka huohuo AMD ilitoa China RX 580 yenye viini 2048, wakati RX 580 ya kwanza ina 2304. Kiuhalisia hiyo ni RX 570 iliyopandishwa cheo, na ndiyo utakayoikuta kwenye matangazo mengi ya "RX 580 mpya kabisa" ya bei ya kushangaza. Inacheza gemu, sikatai. Ilipe bei ya RX 570 basi.

Sasa nije kwenye kitu kinachonitia hofu kuliko kadi, kwa sababu kadi bandia hukuibia hela, lakini hiki kinaweza kukuunguzia chumba: pawa saplai.

Lebo kubwa ubavuni inasema 500W. Usiisome hiyo. Chini yake kuna jedwali dogo. Tafuta mstari wa +12V na idadi ya ampea, kisha zidisha. Ukikuta ampea 16, una wati 192 za kweli kwenye mstari unaolisha prosesa na kadi, basi. RX 580 peke yake hutafuna wati 185 ikiwa kazini. Weka prosesa ya wati 65 juu yake na tayari umevuka. Pawa saplai nzuri ikizidiwa hujizima. Ile ya ovyo, iliyopunguzwa vipuri vya ulinzi ili ipatikane kwa bei ya chakula cha mchana, inaweza kuendelea kusukuma hadi kitu kiungue, na mara nyingi haiungui peke yake. Huondoka na ubao mama. Ukiipima kwa mkono utaanza kushuku, maana ni nyepesi mno. Ukiongeza umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo, mnyonge huyo hana maisha.

Zile za OptiPlex zenyewe hazidanganyi. Ni imara, ila ndogo. Kasha dogo lina wati 180 hivi, kubwa 240, na hazina waya wa kulisha kadi kubwa. Fundi mjanja atakutafutia adapta inayochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya kulishia hadi diski, na kuugeuza kuwa wa pini sita za kadi. Kataa hapohapo. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 kwenye mstari wa volti 12. Kadi kupitia pini sita ina ruhusa ya kuvuta 75. Nyaya zitapata moto, plastiki italainika, na harufu utaisikia usiku, mlango umefungwa, masikioni umevaa hedifoni.

Jambo jingine la dakika moja. Baadhi ya mashine zilizotoka Marekani, na pawa saplai kadhaa za zamani, zina swichi ndogo nyekundu nyuma yenye namba 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ukachomeka kwenye soketi ya kwetu, utasikia mlio mmoja tu. Iangalie kabla hujagusa waya.

Prosesa haichakachuliwi kirahisi, lakini jina lake hutumika kukupumbaza. "Core i5" pasipo namba haina maana yoyote: i5-2400 ni ya 2011, ina viini vinne, i5-12400 ni ya 2022, ina viini sita na nyuzi kumi na mbili. Zote mbili ni i5, na muuzaji hajasema uongo. Tena angalia herufi ya mwisho: i5-12400F haina grafiki ndani yake, kwa hiyo bila kadi hutaona kitu kwenye monita. Na usinunue prosesa ya kizazi cha nane ukitaraji itaingia kwenye ubao mama wa kizazi cha sita kwa kuwa soketi zote mbili zinaitwa LGA1151. Itakaa vizuri, haitawaka.

Unapokwenda kununua, iwe Kariakoo, Luthuli Avenue au sebuleni kwa mtu uliyemwona Instagram, nenda na flashi yenye GPU-Z. Ni programu ndogo ya bure kutoka TechPowerUp, inafunguka bila kusakinishwa. Tangu 2018 imekuwa na uwezo wa kutambua kadi nyingi za Nvidia zilizochakachuliwa, na huandika FAKE mbele ya jina. Isipoandika, soma mwenyewe: GTX 1050 Ti halisi itaonyesha chipu GP107 na viini 768. Ukiona GF116 na 192, rudisha flashi mfukoni na uage kwa heshima. Kwa RX 580 angalia kama viini ni 2304 au 2048. Kwa GT 1030 angalia aina ya kumbukumbu. Kabla hata ya kuwasha, tazama mgongo wa kadi: Nvidia iliondoa uwezo wa VGA kwenye ukoo wa GTX 10, kwa hiyo "1050 Ti" yenye tundu la buluu la VGA ina maswali ya kujibu.

Kisha omba gemu zito, au programu ya kuibana kadi kama FurMark, ikimbie robo saa mbele yako. Muuzaji mkweli atakuvutia kiti. Mwingine atasema umeme wa dukani ni mdogo. Akikupa na flashi ya draiva "maalumu" na kukuonya usizisasishe kamwe, hapo amekwisha kukiri.

Fedha ikiwa kidogo kweli, kuna njia isiyohitaji kadi wala mawinga: prosesa yenye grafiki za kutosha ndani yake. Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 inaendesha GTA V na Valorant kwa mipangilio ya chini, mradi uiwekee vipande viwili vya RAM badala ya kimoja, kwa sababu grafiki hizo hukopa kumbukumbu ya kompyuta na vipande viwili huzipa njia mbili za kupitia. Si ya kujivunia mbele ya marafiki. Lakini unanunua pawa saplai ya heshima sasa, na kadi utaiongeza siku ukiwa na hela ya kadi halisi. Na ukiipata siku hiyo, fikiria kitu kipya kuliko 1050 Ti, kwa sababu hata ile ya kweli Nvidia imeiondoa kwenye draiva mpya za gemu tangu Oktoba 2025. Kilichobaki ni marekebisho ya usalama tu.

Uliyekwisha nunua, endesha GPU-Z leo kabla ya kumlipa fundi mwingine. Ikisoma FAKE, piga picha skrini na namba zilizo nyuma ya kadi, chukua risiti, urudi ulikonunua mkiwa wawili. Tanzania risiti iwe ya EFD; malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, na Kenya kuna mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia. Wakikukatalia kabisa, usiiweke kwenye kundi la WhatsApp kwa bei ya hasara. Hivyo ndivyo kadi moja inavyopiga watu watano mtaa mmoja. Ifunge kwenye kompyuta ya kuandikia barua, na juu ya feni andika kwa kalamu ya wino mzito: GTX 550 Ti.