Msiwanyang'anye Vijana Kicheko

Katika mkutano wa wazazi uliofanyika shuleni kwetu muhula uliopita, mzee mmoja mwenye heshima alisimama akasema neno ambalo tangu siku ile halijatutoka moyoni. Alisema, "Waalimu, sisi twauza mahindi ili watoto wasome, nanyi mmewapa visa vya Abunuwasi wakae wakicheka. Je, kicheko kitawavusha katika mtihani?" Wengi walipiga makofi. Ikaazimiwa kwamba vitabu vya kuchekesha viondolewe katika kabati la madarasa ya juu, la tano hata la saba, vibaki vitabu vya masomo na vya maonyo tu. Sisi tulinyamaza siku ile, kwani si adabu kushindana na wazee mbele ya watu. Lakini jambo hili ni kubwa kuliko lionekanavyo, na leo imetupasa kujibu, kwa heshima, wala bila ya kuficha neno.

Kwanza na tuungame. Miaka 14 iliyopita, tulipokuwa wageni katika kazi ya ualimu, tulikuwa na mwanafunzi wa miaka 13, mwana wa mkulima. Kusoma kwake kulikuwa kuzito, kama mtu apandaye mlima na mzigo kichwani. Siku moja, katika saa ya hesabu, tulisikia mtu acheka chinichini. Tukamkuta kijana yule ana kitabu cha visa vya Abunuwasi, amekifunika kwa daftari. Tulikitwaa, tukamwambia mbele ya wenzake kwamba asomaye upuuzi atakuwa mpuuzi, tukakifungia kabatini. Hatukujiuliza swali moja lililo jepesi: mtoto huyu ambaye kila mstari wamtoa jasho, ni nani aliyemwezesha kusoma kurasa nzima bila ya kulazimishwa? Tangu siku ile hakuazima kitabu kingine chochote mpaka alipomaliza shule. Hatuwezi kumlaumu mtu mwingine. Mkono uliokitwaa ulikuwa wetu.

Basi, tuzitazame hoja za wapingao, moja moja.

Wako wasemao kwamba kicheko hakimfai Mkristo, kwani dini ni jambo la kicho. Sisi twawauliza, je, mmesahau habari za Balaamu, aliyeshindwa kumwona malaika ambaye punda wake alimwona, kisha akasimama njiani akibishana na punda kana kwamba ni jambo la kila siku? Mmesahau Eliya juu ya mlima Karmeli, alivyowadhihaki manabii wa Baali, akiwahimiza wapaze sauti zaidi kwani huenda mungu wao yu usingizini? Na Bwana wetu mwenyewe, alipotaka kuwaonya wanafiki, aliwapa picha ya mtu mwenye boriti jichoni ajitoleaye kumtoa mwenzake kibanzi, na ya mtu achujaye mbu kisha ammezaye ngamia. Sisi tumeyasikia maneno hayo mara nyingi hata tumesahau kwamba yanachekesha. Msomee kijana asiyeyazoea: atacheka, na akiisha kucheka hatayasahau. Kicho ni cha Mungu. Lakini mwanadamu ajionaye mkubwa hastahili kicho, astahili kuchekwa kidogo ili apone.

Wengine wasema, "Lakini Abunuwasi ni mwongo na mjanja, atawafunza watoto wetu wizi." Wasomao habari za kale wajua kwamba Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad, siku za Khalifa Harun al-Rashid aliyetawala tangu mwaka 786 hata mwaka 809. Abunuwasi wa visa vyetu vya pwani ni mwingine; watu wamekusanya juu ya jina lake hadithi za nchi nyingi, na baadhi yake Waturuki huzisimulia juu ya Nasreddin Hodja. Chukueni kisa kimoja kijulikanacho sana. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na sufuria ndogo, akisema kwamba ile kubwa imezaa. Jirani akafurahi, akazipokea zote mbili wala asiulize neno. Mara ya pili Abunuwasi akaazima sufuria asiirudishe. Alipodaiwa akajibu kwamba imekufa. Jirani akapiga kelele: sufuria yawezaje kufa? Akaambiwa kwamba aliyekubali kuwa imezaa, na akubali kuwa imekufa.

Kijana wa darasa la sita akisoma kisa hiki hajifunzi kuiba sufuria. Ajifunza kwamba tamaa hutufanya tuuamini uongo utufaao. Na somo hili lahitajiwa leo kuliko siku za Khalifa, maana sufuria zizaazo zingaliko. Kila apokeaye ujumbe katika simu yake kwamba atume fedha kidogo leo apewe maradufu kesho, huyo ameletewa sufuria na mtoto wake. Wangapi katika vijiji vyetu wamefurahi, wasiulize neno, kisha wakalia? Kijana aliyemcheka yule jirani alipokuwa na miaka 12, huenda akasita kabla ya kutuma fedha yake akiwa na miaka 30. Na kama visa vya wajanja ni haramu, tutafanyaje na mfano wa wakili dhalimu katika Injili ya Luka, sura ya 16, aliyewaita wadeni wa bwana wake akawaamuru wapunguze hesabu katika hati zao? Hakuna asemaye kwamba Bwana alifundisha kughushi hati. Msikilizaji aliaminiwa kuwa ana akili. Kwa nini sisi tusiwaamini vijana wetu kuwa wanazo?

Tena wako wadhanio kwamba waliotuletea elimu ya vitabu walikichukia kicheko. Sivyo. Edward Steere, aliyewekwa kuwa Askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu mwaka 1874, alikuwa amekwisha kukusanya hadithi za watu wa Unguja na kuzipiga chapa huko London mwaka 1870. Ndani yake mna kisa cha punda wa dobi, aliyeponea chupuchupu katika makucha ya simba, kisha akarudi mwenyewe mara ya pili akaliwa. Na sungura, aliyekwisha kula moyo na masikio kwa siri, akamwambia simba kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, kwani angalikuwa navyo asingalirudi. Na mwaka 1940 matbaa ya Sheldon Press, iliyokuwa ya chama cha Kikristo cha kueneza elimu, ilitoa kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Aliyekitunga kwa Kiingereza mwaka 1865, ajulikanaye kwa jina la Lewis Carroll, alikuwa shemasi na mwalimu wa hesabu katika Oxford. Kwanza aliwasimulia wasichana watatu ndani ya mashua, tarehe 4 Julai 1862, na katika kitabu chake alizipotoa kwa mzaha zile tenzi za maonyo ambazo watoto wa Kiingereza walilazimishwa kuzikariri. Mwalimu wa hesabu, tena shemasi! Hakuona kwamba kicheko chamharibia kazi.

Walakini hoja iliyo kubwa kwetu ni ya umri. Mtoto wa darasa la kwanza hupenda kitabu kwa sababu ya picha. Mtu mzima husoma kwa sababu ajua faida yake. Lakini huyu wa katikati, mwenye miaka 11 hata 15, asoma kwa ajili gani? Sauti yake imevunjika, miguu imerefuka, aona haya mbele ya wasichana, aona haya mbele ya baba yake, na usiku adhani kwamba hakuna mtu duniani aliye mjinga kama yeye. Mpe kitabu cha maonyo, atakisoma kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha atakitupa. Mpe kitabu ambamo kijana mwingine akosea, ajikwaa, aaibika, tena acheka, naye atajiambia, "Kumbe si mimi peke yangu." Neno hilo ni tiba. Tena katika nchi yetu ya Tanzania, umri huo huo ndio ambao wengi watoka katika masomo ya Kiswahili shule ya msingi na kuingia katika masomo ya Kiingereza shule ya sekondari. Kusoma kwageuka kuwa kazi ngumu ghafula. Asiyekwisha kuonja utamu wa kitabu kabla ya siku hiyo, aweza asiuonje tena.

Nao ugomvi huu si wa kwetu tu. Katika Marekani yuko mtungaji aitwaye Dav Pilkey, aliyezaliwa mwaka 1966. Alipokuwa mtoto hakuweza kutulia darasani, na kusoma kulimpa taabu. Waalimu walimtoa nje akae katika ujia, na huko alichora vitabu vyake vya kuchekesha. Asimulia mwenyewe kwamba mwalimu mmoja alikirarua kitabu chake, akamwonya kwamba hataweza kuishi maisha yake yote kwa kutengeneza vitabu vya upuuzi. Mwaka 1997 alitoa kitabu cha kwanza cha Captain Underpants, juu ya mwalimu mkuu mkali ageuzwaye kuwa shujaa avaaye joho na chupi tu. Vitabu hivyo vimeuzwa kwa mamilioni. Huko nako wazazi walinung'unika: mwaka 2012, na tena mwaka 2013, vilikuwa vya kwanza katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi. Hatusemi kwamba vitabu vile vyafaa kuletwa kwetu kama vilivyo. Twasema tu kwamba tulipolisoma lile neno la mwalimu aliyerarua, tulijiona sisi wenyewe kama katika kioo.

Je, kila kicheko ni chema? La hasha. Iko mizaha imchekayo kilema kwa mguu wake, mjane kwa umaskini wake, mtu wa kabila jingine kwa lugha yake. Vitabu vya namna hiyo sisi wenyewe tutavitoa kabatini kabla hamjatuomba. Lakini kipimo chake ni rahisi, na kila mzazi aweza kukitumia: ulizeni, ni nani achekwaye? Achekwapo mwenye majivuno, mchoyo, hakimu mla rushwa, au msomaji mwenyewe, kitabu ni chema. Achekwapo mnyonge asiyeweza kujitetea, kitabu ni kibaya, hata kikiwa na maonyo mema katika ukurasa wa mwisho.

Na ninyi wazee, mwajua jambo hili kuliko sisi. Nani aliyeweka utani baina ya makabila yetu? Nani aliyempa mtani ruhusa ya kufanya mzaha hata msibani, kaburi likiwa bado wazi, ili wafiwa wasizame katika huzuni? Ni ninyi na baba zenu. Mlijua kwamba moyo usiocheka huvunjika. Basi mwatunyima sisi kuwapa vijana kwa kitabu kile ambacho ninyi mlipewa kwa mdomo?

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Azimio la muhula uliopita litazamwe upya. Vitabu vya kuchekesha virudi kabatini, navyo visomwe kwanza na waalimu pamoja na wazee wawili mtakaowachagua. Na jioni moja kila juma kijana awasomee watu wa nyumbani kwake kisa kimoja kwa sauti, mpate kuhukumu kwa masikio yenu wala si kwa kusikia habari.

Neno la mwisho. Mwezi uliopita mtu mmoja alitukuta njiani na jembe begani. "Shikamoo, Mwalimu." Tukaitika marahaba. Alikuwa yule kijana wetu, sasa ni baba wa mtoto wa miaka sita. Akauliza, "Mwalimu, kile kitabu kingalipo? Mwanangu ameanza kusoma. Nataka anisomee vile visa nilivyokuwa sijavifikia." Tulikwenda naye mpaka shuleni, tukalifungua kabati la zamani. Mchwa walikuwa wamekwisha kukisoma, tangu jalada hata jalada. Yeye alicheka sana. Sisi hatukuweza kucheka.

Tumeagiza kingine mjini. Wazee wetu, kikifika, twawasihi msituamuru kukifungia.