Krimu Inayozima Upele Inazima na Nini Kingine? (Sehemu ya 7)

Mama wenzangu, leo tuongee ile krimu ya "siku mbili tu upele umeisha". Nyingi ya hizo zina steroidi.

Ndani ya seli za ngozi kuna protini inaitwa kipokezi. Ina sehemu ya kunasa dawa na sehemu ya kushika DNA. Steroidi ikinaswa, kipokezi kinabadilika umbo, kinaingia kwenye kiini cha seli na kuzima jeni zinazoleta uvimbe na muwasho. Ndiyo maana upele unatulia haraka.

Shida ni kwamba hakiishii hapo. Jeni za kolajeni nazo zinapunguzwa kazi: ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea. Kinga ya ngozi inalala pia, kwa hiyo kama ule upele ni fangasi, unasambaa kimyakimya huku wewe unaona mtoto amepona. Na ngozi ya mtoto mchanga inanyonya dawa zaidi, hasa chini ya nepi.

Mimi sisemi steroidi ni adui. Mtoto mwenye pumu ya ngozi akiandikiwa, mpake kwa siku alizopangiwa, usiogope. Ninachopinga ni kuuziwa tyubu bila mtu kuangalia ngozi ya mtoto, au krimu ya kuchanganya isiyo na lebo.

Soma tyubu. Ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi kali. Umeshampaka wiki nyingi? Usiache ghafla, mpeleke kliniki kwanza, na hiyo tyubu nenda nayo.