Karanga na Paka wa Nyumbani

Akina mama wenzetu, safari hii tuangalie jambo linaloonekana dogo. Jioni tunapokaa kumenya karanga, paka huja kulala karibu na ungo, na watoto hawawezi kujizuia: mmoja humrushia punje, paka akaichezea, mara akaitafuna. Wengi wetu tumejiuliza kama zinaweza kumdhuru.

Karanga nzuri, kavu, isiyotiwa chumvi, si sumu kwa paka. Akiokota moja au mbili hakuna haja ya kuhangaika. Lakini si chakula chake. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake unahitaji kitu kiitwacho taurini, ambacho hukipata katika nyama na samaki. Akikikosa kwa muda mrefu, macho yake huweza kupofuka na moyo kudhoofika. Tena mafuta mengi ya karanga humtapisha na kumharisha, na punje nzima inaweza kumkwama kooni. Korosho ni vivyo hivyo. Makadamia, zinazolimwa sana Kenya, huwadhuru mbwa: hutapika na kulegea miguu ya nyuma. Kwa paka hatuna sababu ya kufanya majaribio.

Mchicha uliopikwa kwa karanga nao usimpe, na hapo kosa si la karanga. Ni kitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Tunapochambua karanga tunatenga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Tunajua hazifai kwa watoto. Kisha tunazifanyia nini? Nyumba nyingi humwagia kuku, au huzitwanga na kuzichanganya na makombo ya ugali kwa ajili ya paka na mbwa. Tunaona ni kubana matumizi.

Ukungu wa aina fulani hutoa sumukuvu, na sumu hiyo hushambulia ini. Kukaanga au kuchemsha hakuiondoi yote. Ilijulikana kwa sababu ya wanyama, tena kwa sababu ya karanga hizi hizi. Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda mfupi, na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Wataalamu walipofuatilia chakula chao walikuta mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyoingiwa na ukungu. Binadamu nao hawakusalimika na sumu hiyo: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ikiwa inaua mtu mzima, paka wa kilo tatu au nne atasalimikaje?

Na haiishii kwa paka. Ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu, sehemu yake hutoka katika maziwa, na maziwa hayo tunawapa watoto wale wale tuliokuwa tukiwakinga.

Kwa hiyo karanga mbovu zifukieni katika shimo la kina, kuku wasije wakazichakura. Zile nzuri zikaushwe vizuri kabla ya kuwekwa, wala zisilazwe moja kwa moja juu ya sakafu yenye unyevu. Panya watazifuata, bila shaka, na hapo ndipo paka anapolipa fadhila. Wengine husema ukimlisha atakuwa mvivu. Si kweli, paka aliyeshiba bado huwinda. Mpeni samaki wa kuchemsha asiye na chumvi na aliyetolewa miiba, au vipande vya nyama, na maji safi. Maziwa paka wengi wakubwa hayawakai tumboni.

Paka aliyekula karanga zenye ukungu akianza kukataa chakula, kutapika, kulegea, au fizi na weupe wa macho vikageuka manjano, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, umweleze alikula nini na lini, na kama zimebaki, mfungie punje chache kwenye karatasi uende nazo.