Mashine si lazima

Mwandishi, asante, lakini nusu ya makala yako ya kahawa umeitumia kutusifia mashine ya kuiandalia. Huku Mwansabombwe, kwa chifu wetu Mwata Kazembe, umeme ukikatika mashine hiyo ni pambo la kabatini. Mimi nakaanga buni mwenyewe kwenye chungu kikavu, juu ya jiko la mkaa (wenyeji huliita mbaula), nikikoroga kwa mwiko bila kupumzika mpaka zianze kupasuka na kugeuka hudhurungi. Zikiwa nyeusi tii umechelewa, unakunywa mkaa. Zilaze usiku mmoja, kisha twanga za siku hiyo tu, maana kahawa iliyokwisha kusagwa hupoteza harufu upesi. Gramu 60 kwa lita moja ya maji zinatosha. Maji yakichemka, yaepue yatulie nusu dakika ndipo umimine. Tangawizi na iliki za watu wa pwani sizikatai, ila zisiwe za kuficha buni mbovu.

Na jambo hukuligusa: arabika inalimwa Kasama, mkoa jirani tu, lakini mara ya mwisho nilipozunguka madukani Nchelenge, mkoani kwetu, nilikuta kahawa ya kopo tu, ile ya kuyeyuka. Tuandikie kuhusu hilo.