Enyi Mashabiki, Litazameni Benchi

Tarehe 6 Novemba 1869 vijana wa chuo cha Rutgers waliwafunga wenzao wa Princeton 6-4, katika mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya futiboli ya vyuo vikuu nchini Marekani. Wiki moja baadaye Princeton wakalipiza kisasi, 8-0. Mechi ya tatu, ambayo ingekata mzizi wa fitina, haikuchezwa. Timu zilikuwa mbili tu, na bado msimu ukaisha pasipo mtu kujua nani mbabe wa nani.

Leo vyuo vya daraja la juu vimepita 130. Kila kimoja hucheza mechi 12 hivi kabla ya mtoano, na vilivyo vingi havikutani kabisa. Ndiyo maana tangu 1936 shirika la habari la AP limekuwa likikusanya kura za waandishi wa michezo ili kupanga nani wa kwanza na nani wa kumi, na tangu 2014 kamati ya watu 13 imekuwa ikikaa kuchagua timu za kuwania ubingwa: kwanza nne, na kuanzia msimu wa 2024, kumi na mbili. Kura na kamati hazikuzima ubishi. Zimeutilia mafuta. Ikifika mwisho wa Novemba, kinyozi na mteja wake hawaelewani, na baba na mwana waliosoma vyuo tofauti hula chakula cha sikukuu kila mmoja kaangalia kwake.

Sina ugomvi na ubishi huo. Mwaka 2023 Florida State ilishinda mechi zote 13, ikatwaa ubingwa wa ligi yake, na kamati ikaiacha nje ya timu nne. Nafasi ikapewa Alabama, iliyokuwa imefungwa mara moja. Sababu yao ilikuwa kwamba kotabeki wa Florida State, Jordan Travis, yule anayeongoza mashambulizi na kuurusha mpira, alivunjika mguu mwezi Novemba, na timu iliyobaki haikuwa tena ile iliyoshinda. Basi mashabiki wakagawanyika. Kuna waliosema nguvu ni yale uliyokwisha kuyafanya, na kuna waliosema nguvu ni yale utakayoyaweza kesho. Mimi ningewaingiza Florida State, maana kama kushinda zote hakutoshi, mechi zinachezwa za nini? Tarehe 30 Desemba Georgia wakawachapa 63-3 huko Miami, na wale wa upande wa pili wakatamba, ingawa wachezaji wengi wa Florida State walikuwa wamekwisha kujitoa kikosini na kipigo kile hakikuthibitisha jambo lolote. Ubishi wa namna hii hunoa akili. Aliye na hoja huilinda, asiye na hoja hupiga kelele, na wote hurudi kazini Jumatatu.

Ninalowalaumia mashabiki ni hili: katika kupima nguvu hutazama kila kitu isipokuwa benchi. Huhesabu yadi, uzito wa mabeki, ugumu wa ratiba, hata hali ya hewa. Lakini pale pembeni mwa uwanja, ambapo katika mchezo huu husimama watu mia na ushee, wachezaji wa akiba, makocha, matabibu na wabeba maji, hawapatazami mpaka ngumi zirushwe. Na wakizirusha wa kwao, husema walichokozwa.

Tarehe 30 Novemba 2024, mjini Columbus, Ohio State waliokuwa wa pili nchini waliwakaribisha watani wao wa jadi, Michigan, waliokuwa wameshinda mechi sita na kufungwa tano. Michigan wakaondoka na ushindi wa 13-10. Baada ya filimbi ya mwisho wachezaji wa Michigan walibeba bendera yao hadi katikati ya uwanja ili waisimike juu ya nembo ya wenyeji. Wenyeji wakawavamia. Mabenchi yote mawili yakamwagika uwanjani, na polisi wakapuliza pilipili machoni mwa vijana wa chuo. Kocha wa Ohio State, Ryan Day, alipoulizwa alijibu kwamba vijana wake hawangekubali bendera ile isimikwe uwanjani kwao. Ligi ya Big Ten ikatoza kila chuo faini ya dola 100,000. Siku hiyohiyo bendera zilizusha purukushani katika viwanja vingine pia, na baadaye mbunge mmoja wa jimbo la Ohio akapeleka muswada wa kuufanya usimikaji wa bendera uwanjani pale kuwa kosa la jinai. Yaani kazi ya kocha ilitafutiwa askari na hakimu!

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Wiki ile mashabiki wengi wa Ohio State walitaka kocha afukuzwe, na sababu yao kubwa ilikuwa alama tatu alizofungwa. Timu ikaingia katika zile kumi na mbili, ikaitandika Tennessee 42-17, ikaipiga Oregon iliyokuwa haijafungwa 41-21, ikaitoa Texas 28-14, na tarehe 20 Januari 2025 ikaishinda Notre Dame 34-23 na kuwa bingwa wa nchi nzima. Kocha aliyekuwa hafai mwezi Novemba akawa shujaa mwezi Januari. Na zile ngumi? Kombe lilizifunika.

Michigan nao wasicheke. Msimu wa 2023 ligi ilimzuia kocha wao, Jim Harbaugh, kusimama benchini katika mechi tatu za mwisho wa msimu wa kawaida, kutokana na kashfa ya kunasa ishara za wapinzani. Mashabiki wakavaa fulana za kutangaza kwamba Michigan inapambana na dunia nzima. Timu ikabeba ubingwa bila kufungwa hata mara moja, na kwa wengi wao shauri likaishia hapo. Nyani haoni kundule, na hawa wawili, kila mmoja anaweza kukusomea orodha ya maovu ya mwenzake tangu enzi za babu yake.

Mtu atasema: hawa ni vijana, damu inachemka, tuwasamehe. Vijana nitawasamehe. Wengi wao wana kati ya miaka 18 na 23. Lakini benchi si la vijana peke yao. Linasimamiwa na watu wazima, na katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote, kumpita gavana, ni kocha wa mpira wa chuo. Huyo ni mwalimu. Alivyo yeye pale pembeni ndivyo watakavyokuwa wao katikati.

Anayetaka kujua benchi huharibika vipi na ausome mkasa wa Woody Hayes, aliyeiongoza Ohio State kuanzia 1951. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalofanya habari yake iwe ya kutisha. Alisisitiza wachezaji wake wamalize masomo, na alikwenda Vietnam kuwatembelea wanajeshi. Aliishindia Ohio State mechi 205. Mwaka 1971, katika mechi na Michigan, aliona mwamuzi amewaonea, akatoka akavunjavunja alama za pembeni mwa uwanja mbele ya umati. Ikawa hadithi ya kuchekesha. Siku ya mwaka mpya wa 1973, kule Pasadena, alimsukumia mpiga picha wa gazeti kamera yake usoni. Watu wakasema mzee ana hasira za karibu. Mwaka 1977, tena katika mechi na Michigan, mchezaji wake alipoupoteza mpira, Hayes alimrukia mpiga picha wa televisheni aliyekuwa akimmulika. Ligi ikamweka chini ya uangalizi. Mashabiki wakauliza swali lao la siku zote: mwakani tuna timu gani?

Ikafika tarehe 29 Desemba 1978, mjini Jacksonville, mechi ya Gator Bowl dhidi ya Clemson. Zimebaki dakika chache, Clemson wanaongoza 17-15, Ohio State wanashambulia. Mpira ukarushwa, kijana wa Clemson aitwaye Charlie Bauman akaunasa, akakimbia nao hadi akatolewa nje ya mstari, mbele kabisa ya benchi la Ohio State. Hayes, mzee wa miaka 65, akampiga kijana yule ngumi ya shingoni mbele ya televisheni ya taifa. Asubuhi yake akafukuzwa kazi.

Nani alimfukuza Hayes? Chuo, ndiyo. Lakini nani alimfikisha pale? Ngumi ile ilianza kukunjwa mwaka 1971, na kila aliyecheka wakati ule aliibana kidole kimoja. Laiti mashabiki wa Columbus wangemzomea mtu wao siku ile ya alama zilizovunjwa, kama ambavyo wangemzomea kocha wa Michigan, huenda mzee yule angestaafu kwa heshima zake zote. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na kocha naye ni mwana mikononi mwa mashabiki wake, hata akiwa na mvi.

Msiniambie kwamba shabiki hana uwezo, kwamba yeye hulipa kiingilio tu na kupiga kelele. Nendeni Iowa City. Uwanja wa Kinnick unapakana na hospitali ya watoto ya Chuo Kikuu cha Iowa, na kutoka ghorofa zake za juu watoto wagonjwa huiona mechi. Tangu mwaka 2017, robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima hugeuka na kuwapungia mikono watoto wale: mashabiki karibu 70,000, wachezaji wa Iowa, waamuzi, hata benchi la wageni waliokuja kuwafunga. Wazo hilo halikutoka kwa kocha wala kwa mkuu wa chuo. Lilitolewa na shabiki wa kawaida, mashabiki wenzake wakalipokea, na mabenchi yakafuata. Kama shabiki anaweza kulifanya benchi la adui lipunge mkono, atashindwaje kulifanya lake likunjue ngumi?

Wala sisemi kwamba adabu huleta makombe. Anayewaahidi hivyo anawadanganya. Katika mchezo huu timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Tarehe 16 Novemba 1940 Cornell, ambao hawakuwa wamefungwa msimu ule, waliwashinda Dartmouth 7-3 kwa mpira uliofungwa dakika ya mwisho katika jaribio la tano, mwamuzi akiwa amekosea kuhesabu. Walipoitazama filamu ya mechi, Cornell wenyewe walituma simu ya maandishi kwenda Dartmouth kuurudisha ushindi. Ukapokelewa, na kumbukumbu zikaandikwa Dartmouth 3, Cornell 0. Wiki iliyofuata Cornell wakafungwa tena. Miaka hamsini baadaye, tarehe 6 Oktoba 1990, Colorado waliwashinda Missouri 33-31 kwa jaribio la tano vilevile. Colorado hawakurudisha kitu, na mwisho wa msimu kura za AP zikawapa ubingwa. Basi aliyerudisha alipoteza, aliyeshikilia akavikwa taji. Hata hivyo nawauliza wazazi: mwanao ungependa asimame benchi lipi?

Kwa hiyo mnapobishana, ndugu zangu, wekeni na hili mezani. Faulo ya utovu wa nidhamu hugharimu yadi 15, na timu inayotafuta kumi kwa majaribio manne haina utajiri wa kuzitupa 15 kwa ulimi wa kocha. Kocha asiyeweza kujizuia mbele ya mwamuzi atamzuiaje kijana wa miaka 19 katika jaribio la nne? Na mtu wenu akikosea, mzomeeni ninyi kwanza kabla ya wapinzani, tena siku mliyoshinda, maana kumlaumu siku mliyofungwa ni kutafuta wa kumtwisha kipigo tu. Faini ya dola 100,000 kwa vyuo hivi si kitu. Anachokiogopa kocha ni jukwaa kunyamaza pale alipotarajia lishangilie.

Na sisi wasema Kiswahili tusidhani hayo ni ya watu wengine. Lexington ya Kentucky na Iowa City zina familia nyingi za Wakongo wanaosema Kiswahili nyumbani, na Wakenya na Watanzania wametapakaa katika miji ya vyuo. Watoto wao wanakua warefu na wenye mbio, na kocha wa chuo humfuata kijana mwenye kipaji hadi sebuleni kwa wazazi wake, ameshika picha za uwanja na ahadi tele. Baba na mama mtakaobishiwa hodi, mkaribisheni, mpeni chai, msimuulize ameshinda mechi ngapi, kwa maana hizo zimeandikwa magazetini. Muulizeni ni nani katika timu yake alipewa adhabu msimu uliopita kwa kumpiga mtu, alikaa nje mechi ngapi, na kama adhabu hiyo ilitoka kwake yeye kocha au alisubiri ligi imlazimishe. Kisha ombeni siku moja ya mechi mkae karibu na benchi lake, mumwangalie yeye badala ya kuangalia mpira, hasa katika robo ya nne timu yake ikiwa nyuma.