Nani alimfundisha Caesar kusamehe?

Katika filamu ya Escape from the Planet of the Apes ya mwaka 1971, sokwe msomi aitwaye Cornelius, aliyetoka karne nyingi za mbele, anawasimulia binadamu jinsi mababu zake walivyojikomboa. Ugonjwa uliwamaliza mbwa na paka wote duniani, watu wakaanza kufuga sokwe badala yao, na haukupita muda mrefu wanyama wa kufugwa wakageuzwa watumwa. Siku moja sokwe aliyeitwa Aldo akafungua kinywa na kutamka neno ambalo wenzake walikuwa wakikaripiwa nalo kila siku: hapana. Sokwe wa enzi za Cornelius huiadhimisha siku hiyo. Lakini mwaka 1973, katika Battle for the Planet of the Apes, Aldo anarudi akiwa jenerali gorila, mkorofi na mjinga, anayemuua mtoto wa kiongozi mwenzake. Kiongozi huyo ni Caesar, mpole na mwenye huruma, na filamu inafungwa kwa sanamu yake. Katika miaka miwili tu aliyekataa utumwa amekuwa mwovu, na aliyesamehe ndiye amejengewa mnara. Sidhani kwamba waandishi walipitiwa. Ninaloliona ni mazoea ya siku nyingi ya kumkubali mtumwa aliyeasi kwa sharti kwamba kwanza ameondolewa hasira.

Ushahidi wenyewe umo katika filamu iliyo katikati ya hizo mbili, Conquest of the Planet of the Apes ya mwaka 1972, iliyoandikwa na Paul Dehn na kuongozwa na J. Lee Thompson. Tumo katika Marekani ya Kaskazini ya kubuni, mwaka 1991. Sokwe wanapigwa mnada, wanapangiwa kazi za kutandika vitanda na kuhudumia mezani, na wanafundishwa utii kwa moto na kelele. Caesar, aliyeigizwa na Roddy McDowall, anajua kusema lakini anajifanya bubu ili asiuawe. Armando, mwenye sarakasi aliyemlea, anafia mikononi mwa polisi. Caesar mwenyewe anafungwa kwenye meza na kupitishwa umeme mwilini mpaka anaomba ahurumiwe, na akishasema tu gavana Breck anaamuru auawe. Anapona kwa sababu MacDonald, msaidizi mweusi wa gavana, anaukata umeme kwa siri. Basi msamaha utoke wapi kwa kiumbe aliyeomba huruma akajibiwa kwa hukumu ya kifo?

Filamu ilivyotengenezwa mwanzo ilikuwa na jibu la kweli: hautoki. Sokwe waliokuwa wakikusanya visu na mafuta ya taa wanauteka mji, Caesar anatangaza mwisho wa utawala wa binadamu, na Breck anapigwa mpaka kufa. Thompson aliziiga kwa makusudi picha za machafuko ya Watts, mtaa wa watu weusi wa Los Angeles, ya Agosti 1965, ambapo watu 34 walikufa. Watazamaji wa majaribio walishtuka, nao wenye studio wakataka mwisho mwingine. Fedha za kupiga picha upya hazikuwepo, kwani bajeti yote ilikuwa dola milioni 1.7 hivi. Basi McDowall akaitwa kurekodi maneno mapya, na maneno hayo yakabandikwa juu ya picha zilezile, kamera ikiwa imeyasogelea macho yake ili midomo isionekane. Sasa sokwe jike Lisa ndiye anayesema hapana, na anamwambia Caesar, si bwana wao. Papo hapo Caesar anabadili hotuba na kuahidi utu, na bunduki zinashushwa. Uasi wote umepinduliwa kwa sauti iliyorekodiwa baadaye. Hata neno la Aldo limegeuzwa upande: lilizaliwa kumzuia bwana, sasa linamzuia mtumwa.

Wapo watakaosema mwisho huo wa pili ndio wenye hekima, kwa kuwa kisasi huzaa kisasi, nao watataja Haiti, ambako watumwa waliwaasi Wafaransa. Ni kweli kwamba baada ya uhuru wa Januari 1804 kiongozi wake, Jean-Jacques Dessalines, aliamuru Wafaransa waliobaki wauawe, na kitendo hicho hakina utetezi. Ila Haiti ilikuwa imeujaribu msamaha kabla ya hapo. Toussaint Louverture, aliyezaliwa mtumwa, aliwalinda wenye mashamba na kuwakaribisha warudi. Malipo yake yalikuwa kukamatwa kwa hila mwaka 1802 na kufia katika baridi ya ngome ya Joux, Ufaransa, Aprili 1803. Na Ufaransa ilipotuma meli za kivita mwaka 1825 kudai faranga milioni 150, haikuwa ikidai fidia ya waliouawa na Dessalines. Ilidai mali ya wenye mashamba, na watu waliojikomboa walikuwa sehemu ya hesabu ya mali hiyo. Anayemhubiria mtumwa upole aeleze kwanza upole wa Toussaint ulimfikisha wapi.

Pingamizi zito zaidi linatuhusu sisi Waafrika: kwa nini masaibu ya mtu mweusi yasimuliwe kwa sura ya sokwe, tusi lilelile la wabaguzi? Kinyongo hicho ni halali, na filamu haikiondoi. Inachofanya ni kumweka MacDonald, aliyeigizwa na Hari Rhodes, uso kwa uso na Caesar, na Caesar anamwambia waziwazi kwamba yeye, mzao wa watumwa, kuliko watu wote, angepaswa kuelewa. Hapo mtazamaji wa Marekani wa 1972 hakuachiwa pa kujificha. Ndiyo maana nadhani kilichoogopwa hakikuwa damu, maana filamu za vita na za wachunga ng'ombe zilikuwa na damu tele. Kilichoogopwa ni nani anaimwaga. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kusafishwa au kuchafuliwa kwa waasi hakukuanzia Hollywood. Karne ya 9, kwenye mabwawa ya chumvi karibu na Basra, watumwa walioitwa Zanj, jina ambalo waandishi wa Kiarabu waliwapa watu weusi wa pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, waliinuka chini ya Ali bin Muhammad wakapigana na dola ya Abbasiya kuanzia 869 hadi 883. (Nao waliteka watumwa wao, kwa hiyo sidai walikuwa malaika.) Mengi tunayoyajua kuwahusu yanatoka kwa mwanahistoria al-Tabari, aliyeandika akiwa upande wa dola, na kwake Ali ni habithi. Kwa mwandishi wa dola muasi ni shetani, na kwa studio ni mtakatifu. Kote kuwili yeye mwenyewe hasikiki.

Mwisho wa awali wa Conquest ulirudishwa katika toleo la diski za Blu-ray mwaka 2008. Anayetaka kumjua Caesar aanze na hilo, kisha ndipo atazame lile la sinema, na alisikilize kwa makini pale sauti inapoachana na uso.