Densiti Haifundishwi kwa Chaki

Wapo walimu wa kemia wanaoamini kwamba densiti imekwisha fundishwa pindi darasa zima linapoimba: tungamo gawanya kwa ujazo. Huko ni kukaririsha. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikwisha ilaumu elimu inayodhani kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni.

Kisingizio cha kukosa maabara hakikubaliki. Pawepo mizani ya gramu na chupa ya lita moja iliyotiwa alama shingoni. Chupa hupimwa tupu, kisha ikiwa na maji hadi alamani, kisha ikiwa na maziwa hadi alama ileile, macho yakiwa usawa mmoja na uso wa kimiminiko. Maziwa halisi huyazidi maji kwa gramu 30 hivi tu. Yakitiwa maji, tofauti hiyo hupungua. Mkono mzembe hauioni kamwe. Tena mchuuzi mjanja huengua mafuta kwanza ndipo atie maji, na mizani ikadanganyika, jambo ambalo hakuna wimbo wa darasani uliopata kulieleza.

Mhitimu wa fomula hununua maji hayo kila asubuhi, kwa bei ya maziwa.